Mwalimu Asekenye na Picha ya Ufagio

"Nimeomba picha ya ufagio, Mama Loise. Ufagio! Wewe umeniletea bibi harusi!"

Hivyo ndivyo Mwalimu Asekenye alivyonifokea mbele ya wateja wangu, simu ameinyoosha hadi puani pangu kama polisi wa barabarani aliyeshika leseni iliyoisha. Nikaitazama. Mtoto wangu Loise alikuwa amesimama wima kando ya maua ya jirani, gauni la Krismasi, soksi nyeupe, miguu imepakwa mafuta mpaka inang'aa. Kosa sikuliona.

"Kwani huyo si Loise? Ulitaka picha, nimeleta picha. Hata viatu niliazima kwa Maimuna."

"Na ufagio uko wapi?"

"Ufagio uko jikoni, unafagia! Ulitaka nimpige mtoto picha ameshika ufagio, watu waseme nimemwandika kazi ya nyumba?"

Madereva wa magari makubwa waliokuwa wakila samaki wangu, wakingoja foleni ya kuvuka Malaba isonge, waliacha kutafuna. Mmoja, Mganda mwenye tumbo lake, akasema, "Nyabo, mtoto ni mrembo bwana. Msamehe mama."

"Wewe kula samaki," Mwalimu akamwambia, halafu akanigeukia tena. "Na si wewe peke yako. Darasa zima! Mama Hussein amemvalisha kijana kanzu na kofia, mkono kifuani. Mzee Omagor amempeleka mjukuu studio Busia mjini, wamemsimamisha mbele ya pazia lenye maporomoko ya maji. Maporomoko, Mama Loise! Na mradi wa yule mtoto ni sanamu ya kufukuza ndege shambani. Siku ya wazazi imebaki wiki mbili, na mimi niko na gredi nzima ya watoto waliooga."

Mimi nikikasirika mdomo hutangulia. Nikachomoa mwiko kwenye mafuta, nikamwelekezea. "Mwalimu, sikiza. Hiyo potfolio yako ya hewani ikifunguka siku ya wazazi, watu wakaiona kwa macho, mimi Mama Loise nitakukaangia samaki ngege mzima, yule mkubwa, na ugali wa mtama na muhogo. Bure."

"Mashahidi mmesikia?" akawauliza madereva.

"Tumesikia!" wakajibu wote, hata yule aliyekuwa amevuka barabara kwenda kunawa.

Akapanda baiskeli yake akaondoka, mgongo wima.

Wacha niwaeleze ni mtu gani huyu, kwa maana ukimwona mara ya kwanza utadhani ni mgomvi tu. Asekenye ni wa Adungosi, Mteso kwa kabila, mrefu mwembamba, anatembea kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Alisomea ualimu akamaliza, kisha akangoja kuandikwa na serikali mpaka akachoka kungoja. Miaka ile ya kungoja alifanya kazi hapa hapa Malaba, kwenye kibanda cha picha za pasi. Huko ndiko nilikomjua mimi. Alikuwa anawapanga watu kwenye kile kistuli: "Vua kofia. Usicheke. Masikio yaonekane." Alijua kuliko mtu yeyote jinsi watu wetu wanavyokaza shingo mbele ya kamera. Ndiyo maana nasema, alivyoshangaa na picha zetu, na mimi nilimshangaa.

Baadaye shule yetu ikamchukua kama mwalimu wa bodi. Kwa asiyejua, mwalimu wa bodi halipwi na serikali. Analipwa na sisi wazazi, kidogo kidogo, na bodi ya shule ikiamka vibaya inaweza kumwambia kwaheri muhula wowote. Alipewa Gredi ya Tano, na kwa sababu aliwahi kukaa na mashine za kuchapisha, wakambandika pia kompyuta.

Sasa mambo ya potfolio. Masomo haya mapya yanataka kazi za mtoto ziwekwe pamoja, ndiyo potfolio, ionekane alianzia wapi na amefika wapi. Shule yetu iliziweka kwenye maboksi ya karatasi, yale ya biskuti na sabuni, na kila boksi lilinunuliwa na mzazi. Yalipangwa stoo mpaka juu. Ndipo mvua kubwa ikaja, mabati ya stoo yakavuja, na mchwa nao hawakutaka kuachwa nyuma. Asekenye alipofungua stoo ile alikuta michoro ya watoto imekuwa uji. Mkeka mdogo wa Amuron, yule binti asiyesema sana, uliliwa ukabaki pindo. Mtoto alilia. Mwalimu naye hakulia, lakini tangu siku ile maboksi yakawa adui yake.

Akaenda kwa mwalimu mkuu, Mukhwana. Mukhwana ni mtu mzuri lakini mgumu, ni kama ugali wa juzi. Asekenye akamwambia kazi za watoto zikae kwenye kompyuta, mvua haifiki, mchwa hawafiki. Mukhwana akamsikiliza, akavua miwani, akaivaa tena.

"Madam, nitakupa laptopu ya shule na projekta. Lakini wazazi tayari wananung'unika. Siku ya wazazi, mbele ya bodi, hizo potfolio zionekane ukutani. Zisipoonekana, tunarudi kwa maboksi, na bodi itakaa iangalie kama kweli tunahitaji mwalimu wa kompyuta."

Mwenye masikio alielewa. Kazi ya Asekenye ilikuwa imetundikwa kwenye ule ukuta.

Hakukimbilia mashine. Hapo ndipo nilipompa heshima, ingawa sikumwambia. Kwanza aliketi na watoto chini, na karatasi kubwa ya manila, wakachora. Ukurasa wa kwanza uwe na nini? Kazi ngapi ziingie, na nani atachagua, mwalimu au mtoto? Watoto wakasema mtoto. Je, kazi iliyoharibika nayo iingie? Wakabishana mpaka kengele ikalia, kisha wakakubaliana iingie moja, ile iliyokufundisha kitu. Halafu akasema kila mtoto ataeleza kazi yake kwa mdomo, sauti irekodiwe, kwa sababu wengine kalamu inawakamata lakini mdomo hauwakamati.

Kisha akatuita sisi wazazi. Maimuna, mama yake Hussein, ana duka la vitambaa Busia mjini na akili yake haijalala. Alisimama wa kwanza. "Mwalimu, nani ataziona picha za mtoto wangu? Mimi sitaki kesho nimkute kijana wangu kwenye simu ya mtu nisiyemjua huko ng'ambo."

"Wewe, yeye, na mwalimu wake. Basi. Mwingine akitaka kuona, akuombe wewe."

"Na wewe ukihama?"

"Nikihama, inabaki ya mtoto. Ataenda nayo shule yoyote atakayoenda. Si yangu, wala si ya shule."

Maimuna akaketi. Mwalimu akatuambia kila mzazi afikirie neno la siri la kufungulia, asimwambie mtu. Hapo hapo bibi mmoja wa Amukura akapaza sauti kutoka nyuma, "Mwalimu, langu niandikie Kambare, mimi sina miwani!" Na mwingine akamjibu, "Hilo nimeshachukua mimi!" Asekenye akashika kichwa. Ilibidi aite mmoja mmoja nje, chini ya ukuta wa choo, kila mtu amnong'oneze, kama kuungama.

Mwisho akatuomba kitu kimoja tu. Miradi mingi ilikuwa nyumbani, watoto waliifanya likizo. Kila mzazi apige picha amtumie. "Picha ya mradi," akasema. Sisi tukasikia picha. Na picha kwetu ni nini? Ni mtu kuoga. Ni nguo nzuri, ni kusimama mahali penye maua, mikono imeshuka mbavuni. Hakuna mtu kwetu aliyewahi kupiga picha ya ufagio. Asiyekuwa na simu ya maana aliazima, asiye na maua alihamia kwa jirani. Tukatuma, tukaona tumemheshimu mwalimu sana. Na ndipo alipokuja kunifokea kibandani.

Siku mbili tatu baada ya ule ugomvi nilimwona mlangoni kwangu, jioni, simu mkononi. Hasira ilikuwa imemwisha, ikabaki kazi.

"Mama Loise, nimekuja mwenyewe. Nionyeshe huo ufagio."

Nikamletea. Ulikuwa umekwisha nusu. Loise aliufunga vizuri, kwa kamba ya gunia, lakini mimi nina kuku, nina majivu, nina watoto wa jirani, ule ufagio haukuwa umepumzika hata siku moja. Nyasi zilibaki fupi zimeelekea upande mmoja.

Asekenye akauzungusha mkononi, akaketi kwenye kizingiti changu bila kukaribishwa.

"Kote ndivyo hivi," akasema. "Hussein alipanda sukuma kwenye gunia, bustani nzuri sana. Nimefika, imeliwa. Imebaki mashina. Chungu cha Amuron kinanyweshea vifaranga, kimevunjika mdomo. Na ile sanamu ya Mzee Omagor! Nimekuta vijiti vitupu. Nimemuuliza koti liko wapi. Ameniambia mvua imeanza, amelivua akalivaa mwenyewe."

Mimi nilicheka mpaka nikashika mlango. Yeye hakucheka.

"Mukhwana anataka kazi safi ukutani. Bodi inataka kazi safi. Niwaonyeshe mashina ya sukuma?"

"Si mwambie Loise afunge mwingine."

"Huo utakuwa umefungwa na wewe, najua. Mimi nawajua akina mama."

Alinikamata hapo. Akaondoka bila kupiga picha yoyote, baiskeli ameiburuta tu, hakuipanda. Nilimtazama akiishia kwenye kona, na nikajikuta nasikitika, mimi niliyemwapia samaki.

Kilichotokea usiku ule alinisimulia mwenyewe. Alifika nyumbani Adungosi, mama yake akamwambia amletee vitunguu. Vitunguu vya mama yake hukaa ndani ya kikapu kilichopinda, ukikiweka kinaegemea kama mlevi, chini kimeshonwa kwa waya. Alikuwa amekichukua mara elfu. Safari hii akakishika akasimama nacho. Kikapu kile alikisuka yeye mwenyewe akiwa darasa la tatu.

"Mama, kwa nini hukukitupa hiki?"

Mama yake akamtazama kama mtu aliyepotewa na akili. "Nikitupe, vitunguu nitie wapi? Kwenye mdomo wako?"

Kesho yake alfajiri, kabla sijawasha moto, baiskeli ikalia kengele kwangu. Mwalimu alikuwa na uso mwingine.

"Mama Loise, toa ufagio. Fagia."

"Nifagie nini, nimeshafagia!"

"Fagia tena. Vaa hivyo hivyo ulivyo."

"Na leso hii yenye moshi? Mwalimu, ngoja nibadilishe."

"Ukibadilisha naondoka."

Basi nikafagia, nimeinama, na matusi mdomoni. Akapiga picha ya mikono yangu na ule ufagio nusu, vumbi likiruka. Halafu akamwita Loise kando, akamwambia aseme na simu. Nilijaribu kusikiza nikafukuzwa.

Akazunguka hivyo nyumba kwa nyumba, Adungosi mpaka nje ya Malaba, jua na matope. Hakutafuta tena kitu kipya. Alichotafuta ni kitu kinachofanya kazi, na mtu anayekitumia. Usiku alikuwa anapanga ukurasa mmoja mmoja kwenye ile laptopu. Akajifunza kwa machungu kwamba ukikaa karibu sana na mpaka simu inashika mtandao wa ng'ambo, na bando la Kenya linayeyuka kama mafuta kwenye karai. Ndipo akaamua kila kitu kikae pia ndani ya laptopu yenyewe, siku ya siku asimtegemee mtu wala mnara.

Siku ya wazazi ikafika. Darasa lilijaa mpaka madirishani. Wanabodi walikaa mbele na chupa zao za maji, Mukhwana katikati, suti. Mapazia yalikuwa magunia yaliyofungwa kwa misumari ili giza liingie. Asekenye akawasha projekta. Ukuta ukawa mweupe, kisha buluu, kisha ukakaa hivyo hivyo, na mimi nikahisi ngege yule akiogelea kurudi ziwani.

Halafu picha ikatokea. Loise, gauni la Krismasi, soksi nyeupe, maua ya jirani.

Mukhwana akainuka nusu. "Madam! Hizi si ndizo zile picha ulizozikataa?"

Lakini kabla Asekenye hajajibu, akina mama walishapiga vigelegele. Ikaja ya Hussein na kanzu yake, vigelegele. Ikaja ya mjukuu wa Omagor na maporomoko yake, mzee akasimama akainama kwa watu kama mbunge.

"Hilo ni jalada, mwalimu mkuu," Asekenye akasema. "Nilitaka kuzifuta. Watoto wakakataa. Wamesema mtu akiingia nyumbani kwako, kwanza anakukuta umeoga. Sasa tuingie ndani."

Akabonyeza. Gauni likaondoka. Ikaja mikono yangu, leso yangu yenye moshi, ufagio nusu, na vumbi. Na sauti ya Loise ikajaa darasa lote:

"Huu ufagio niliufunga mara mbili. Mara ya kwanza nyasi zilikuwa kavu, zikamwagika zote. Mama akacheka, akasema unafanana na kichwa cha baba akiamka. Mara ya pili nikaloweka nyasi kwanza, nikakaza na kamba ya gunia. Sasa umekwisha nusu kwa sababu mama anafagia nao kila siku. Ule wa kununua ameuweka nyuma ya mlango."

Kicheko kilichotoka hapo nadhani kilifika kastamu, kule mpakani. Baba Loise alikuwa kando yangu, akavaa kofia taratibu. Mimi nilicheka na wengine, lakini pale pa mwisho, pa ule wa kununua, nikamtafuta Loise kwa macho. Sikujua kama mtoto alikuwa ameona.

Yakaja mengine. Hussein akieleza jinsi alivyomwagilia gunia kwa maji ya kuoshea mchele, na picha ni sahani ya sukuma, mikono ya nyumba nzima imo. Amuron, yule asiyesema sana, alisema maneno mengi kuliko wote kuhusu chungu chake na mdomo uliovunjika, na sasa atachanganya udongo na mchanga kiasi gani. Kisha ukaja ukurasa wa mjukuu wa Omagor: mzee mwenyewe amesimama katikati ya mtama, na koti, mikono ameinyoosha. Sauti ikasema, "Huyu ni babu. Siku mvua isiponyesha, analirudisha koti."

Mwenyekiti wa bodi alitoa kitambaa akafuta macho, sijui ya kicheko au ya nini. Akamwinamia Mukhwana wakanong'ona. Mukhwana akasimama, akavua miwani, akaivaa.

"Mwalimu Asekenye, bodi inasema utaendelea, na mwaka ujao utawafundisha walimu wengine jambo hili, nikiwemo mimi. Na yale maboksi..." akatafuta neno, "atakayetaka achukue, kuku watagie."

Mama yake Asekenye alikuwa amekaa nyuma kabisa. Alimwambia jirani yake kwa sauti ambayo anadhani ni ya kunong'ona, "Nilimwambia asitupe kikapu." Na hakuwa amemwambia hivyo hata kidogo.

Sasa tubaki na deni langu.

Nilimkwepa, sitaficha. Wiki ya kwanza nikasema samaki walikuwa wadogo. Wiki ya pili nikasema yule mkubwa amechukuliwa na hoteli. Kila akipita na baiskeli alikuwa anapiga kengele tu, hasemi kitu, na wale madereva, waliorudi kutoka Kampala na kwenda Mombasa na kurudi tena, wanaitikia kwa pamoja, "Ngege!" Hata yule Mganda mwenye tumbo alisimamisha lori akateremsha kioo: "Nyabo, umelipa?" Biashara ikawa haikaliki.

Jumamosi moja nikamchagua wa kweli, mnene, mgongo kama wa mzee wa kanisa. Nikampasua, nikampaka chumvi na ndimu, nikamkausha juani, nikamkaanga polepole mpaka ngozi ikakunjamana. Nikasonga ugali wa mtama na muhogo. Nikamtuma Loise amwite.

Asekenye alikuja, akaketi kwenye benchi la madereva. Nikaweka sinia mbele yake. Akaangalia samaki, akaniangalia mimi, akatoa simu.

Mkono wangu ulitangulia akili. Nilivua aproni, nikakaza kitambaa kichwani, nikasimama kando ya sinia, shingo imenyooka, mikono mbavuni.

"Mama Loise," akasema taratibu, "si wewe. Samaki."

Madereva walianguka kwa kicheko. Loise alikaa chini kabisa, akicheka na kushika tumbo. Mimi nikasonya, nikavaa aproni yangu, nikarudi kwenye karai kugeuza wengine waliokuwa wanaungua. Na nilipokuwa nimeinama hivyo, moshi machoni, nikasikia simu inapiga kachaa.

"Hiyo ni ya nini tena?"

"Ya Loise. Ameniomba. Kazi ya muhula huu ni kueleza mtu anayemjua na kazi anayofanya."

"Nionyeshe kwanza!"

"Samaki anapoa," akasema. Akanawa mikono, akamega ugali, akaanza na kichwa, kama mtu anayejua kula. Alikula mpaka ikabaki miiba. Akaipanga miiba kwenye ukingo wa sinia, akalamba kidole gumba.

"Haya, Mama Loise. Deni limekwisha."

"Limekwisha," wakaitikia madereva.